Mwenye mkanda ndiye mwenye kauli juu ya santuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu maoni ya msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba mwanamuziki mkongwe anayetoa upya kazi zake za zamani ni mtu aliyeishiwa, na kwamba muziki wa tekno, yaani wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine za umeme, hasa ule uliopunguzwa mpaka ukabaki ngoma na sauti mbili tatu, hauna lolote la kumfaa msikilizaji wa Tanzania. Mimi ni fundi wa redio na vyombo vya muziki hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisikiliza kwa makini santuri za mtu mmoja ambaye naona maoni hayo hayamtendei haki. Mtu huyo ni Robert Hood wa Detroit, Marekani.

Santuri hizo nililetewa na binti yangu anayesoma Ujerumani, ambaye alipokuja likizo alibeba mbili ndani ya sanduku la nguo, zikiwa zimefungwa kwa kanga ili zisivunjike njiani: moja ni Minimal Nation katika toleo lake la mwaka 2009, na nyingine ni Mirror Man iliyotoka mwaka 2020. Kazi ya kwanza ilitoka mara ya kwanza mwaka 1994, kwa hiyo kati ya utunzi wa hizo mbili imepita miaka 26, na mtunzi ni yule yule. Sikuwa nimepata kabla ya hapo nafasi ya kuweka kazi ya ujana na kazi ya utu uzima ya mtu mmoja kwenye gramafoni moja, jioni moja, kupitia spika zile zile, na ndiyo sababu nadhani ninayo haki ya kusema neno.

Kwa wasomaji ambao jina hilo ni geni kwao, Hood alizaliwa mwaka 1965 katika mji uliokwisha kuupa ulimwengu muziki mwingi. Katika miaka ya 1980 vijana watatu Weusi waliosoma pamoja Belleville, nje kidogo ya Detroit, yaani Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walianza kutengeneza kwa vyombo vya umeme muziki ambao baadaye ulikuja kuitwa tekno. Kizazi kilichofuata kilikuwa na kundi la Underground Resistance, lililoongozwa na Mike Banks na Jeff Mills, na Hood akawa mmoja wao. Mwaka 1994 ulikuwa mwaka wake mkubwa, kwa sababu ndani ya mwaka huo huo ilitoka Minimal Nation kupitia Axis, lebo (yaani kampuni ya kutoa santuri) ya Mills, ikatoka Internal Empire kupitia Tresor ya Berlin, na yeye mwenyewe akaanzisha lebo yake akaiita M-Plant. Nawaomba wasomaji walikumbuke hilo la lebo, maana nitalirudia.

Sasa niseme kuhusu muziki wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mwenzangu alipoteleza zaidi. Nilipoiweka Minimal Nation kwa mara ya kwanza dukani, vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wamekaa barazani walisikiliza dakika tatu nne kwa heshima, kisha mmoja akaniuliza, "Mzee, wimbo unaanza saa ngapi?" Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Hakuna mwimbaji, hakuna kiitikio, wala hakuna mahali ambapo gita linaingia na kukutangazia kwamba sasa mambo yameiva. Kuna ngoma nzito inayopiga mara nne katika kila kipimo, kuna mlio mwembamba wa mfano wa njuga unaojaza nafasi kati ya pigo na pigo, na kuna kifungu kifupi cha kinanda ambacho masikio ya haraka yatadhani hakibadiliki hata kidogo tangu mwanzo hadi mwisho wa upande.

Lakini kinabadilika, na namna kinavyobadilika ndiyo kazi yenyewe. Mashine za ngoma zilizojenga muziki wa Detroit, kama Roland TR-909 iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 1983 na 1985, hugawanya kipimo kimoja katika hatua 16, na mpigaji huchagua ni hatua ipi ilie na ipi inyamaze. Ukiweka juu ya ngoma hiyo kifungu cha kinanda chenye hatua 12 badala ya 16, viwili hivyo vitaanza pamoja, vitaachana, na havitakutana tena mwanzoni mpaka zipite hatua 48, yaani baada ya ngoma kuzunguka mara tatu na kifungu kuzunguka mara nne. Katikati ya safari hiyo msikilizaji husikia mkazo ukihama kutoka pigo moja kwenda jingine ingawa hakuna aliyegusa chochote. Tena mpigaji ana kitufe cha kufungua na kufunga sauti, ambacho akikizungusha polepole, kwa muda wa dakika nzima, kifungu kile kile kilichokuwa kimefifia kama kinasikika kutoka nyumba ya jirani hutoka na kusimama mbele yako. Mtu aliyezoea kusubiri tukio kubwa hawezi kulisikia hilo, lakini anayekubali kutulia ataona kwamba matukio ni mengi mno.

Hapa Tabora hatuna sababu ya kuona jambo hilo ni geni. Ngoma ya manyanga ya Wanyamwezi inasimama juu ya mlio wa kutikisa usiochoka, na mtikisaji mzuri anasifiwa kwa kutobadilisha, kwa sababu akiyumba yeye wachezaji wote wanayumba. Vilevile kila aliyecheza muziki wa dansi anajua chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo mwimbaji hunyamaza, magita yakashika vifungu vifupi na kuvirudia, na watu ambao walikuwa wamekaa wakainuka. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba alichofanya Hood mwaka 1994 ni kuchukua chemko peke yake, akaondoa wimbo uliotangulia, kisha akapunguza tena na tena mpaka kikabaki kile ambacho kikiondolewa hakuna kinachosimama. Alifanya hivyo wakati kumbi nyingi za Ulaya zilikuwa zimeelekea kwenye kasi na makelele yanayoongezeka kila msimu. Singeli ya vijana wa Dar es Salaam, ambayo huvuka mipigo 200 kwa dakika, imechagua njia ya kujaza kila nafasi, na naipenda. Hood anakwenda mipigo 130 hivi na kuziacha nafasi wazi. Zote mbili ni njia za watu wanaojua wanachokifanya.

Nina mzee mmoja jirani yangu aliyewahi kupiga besi katika bendi ya dansi miaka ya 1970, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Alipita dukani jioni akaikuta santuri inalia, akakaa, akainamisha kichwa, na baada ya upande mzima kwisha akasema kwamba aliyetengeneza hiki anajua kunyamaza, jambo ambalo wapigaji wengi wa besi hufa bila kulijifunza. Kisha akaniomba nigeuze upande wa pili.

Mirror Man ni kitu kingine. Ngoma bado ni ile ile, na mkono wa mtunzi utautambua baada ya pigo la pili tu, lakini chini ya ngoma kuna sauti pana za kinanda zinazotanda kama wingu, na mtunzi haogopi tena kuweka huzuni au utisho ndani ya muziki wa kucheza. Katikati ya kazi hizi mbili kuna nyingine ambazo nimezisikia kupitia intaneti tu, na mojawapo inastahili kutajwa. Ni albamu ya mwaka 2012 iitwayo Motor: Nighttime World 3, inayozungumzia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Mji huo ulikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85 mwaka 1950, na sensa ya mwaka 2010 ikawakuta 713,777. Mwaka 2013 manispaa yake iliomba mahakamani kutangazwa kuwa imefilisika. Sisi ambao wazazi wetu walifanya kazi reli, tukashuhudia karakana zikipungua watu na treni zikipungua safari, tunaelewa bila kutafsiriwa mtu anapotunga muziki kutokana na mashine zilizonyamaza.

Kuna pia upande wa Floorplan, jina analolitumia Hood anapotengeneza muziki wenye moto wa kanisani. Yeye ni mhubiri aliyewekwa wakfu, na tangu albamu ya mwaka 2016, Victorious, anafanya kazi hiyo pamoja na binti yake Lyric. Kabla ya hapo, katika albamu ya Paradise ya mwaka 2013, alichukua sauti ya Aretha Franklin iliyorekodiwa kanisani Los Angeles mwaka 1972, akairudia juu ya ngoma mpaka neno moja la wimbo likawa kama watu wanaokataa kuondoka ibadani. Mtu aliyefikia hatua ya kumkalisha mwanawe kwenye mashine zile zile na kumwachia nusu ya kazi, huku akitoa kazi mpya kwa jina lake mwenyewe, sioni ni kwa kipimo gani anaitwa aliyeishiwa.

Nirudi kwenye suala la kutoa upya. Inaelekea mwenzangu anadhani kutoa upya ni kama kutoa nakala kwa mashine ya fotokopi. Kwa uzoefu wangu wa ufundi naomba nieleze kwamba sivyo. Sauti hutolewa kwenye mkanda au rekodi ya awali, hupimwa na kusawazishwa, kisha hukatwa kwa sindano ya moto kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka, na kutokana na sahani hiyo hutengenezwa vyuma vya kugandamizia santuri. Fundi wa kukata huamua mambo makubwa, kwa kuwa besi nzito huhitaji mfereji mpana wa kupita sindano, na mfereji mpana hula nafasi. Ukitaka nyimbo nyingi kwa upande mmoja itakubidi uishushe sauti. Ndiyo maana muziki wa namna hii hutolewa kwenye santuri za inchi 12 zenye nyimbo chache, hata albamu moja ikachukua santuri mbili. Detroit ilimpata fundi wa namna hiyo, marehemu Ron Murphy, ambaye alikata kazi nyingi za kundi la Hood na wenzake na kufanya majaribio kama mifereji inayojifunga, ambapo sindano huzunguka mahali pamoja bila kusonga mpaka uinyanyue kwa mkono. Hata malighafi yenyewe si ya kuitegemea: mwezi Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko Banning, California, kiliteketea kwa moto, na dunia nzima ikabaki ikitegemea kiwanda kimoja cha Japani kwa sahani hizo za laka. Anayeamua kukata upya kazi ya miaka iliyopita anafanya uamuzi wa gharama, na masikio yake hulazimika kuhukumu tena kila pigo.

Nakubali kwamba yapo matoleo mapya yasiyo na heshima. Yapo yanayobadilisha rangi ya plastiki na jalada tu, sauti ikiwa imepandishwa mpaka ngoma imepoteza uzito, na bei ikawa mara mbili. Hayo nayalaani pamoja na mwenzangu. Lakini dawa yake ni kumwelekeza msomaji jinsi ya kuyatambua, kuliko kuhukumu jambo zima.

Linalonigusa kuliko yote ni hili: Minimal Nation ilitoka upya mwaka 2009 kupitia M-Plant, lebo ya Hood mwenyewe. Alikuwa ameianzisha akiwa kijana, kwenye mji unaofilisika, pasipo kampuni kubwa nyuma yake, na miaka 15 baadaye hakulazimika kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuirudisha kazi yake mbele ya watu. Kabla ya toleo hilo aliyetaka santuri hiyo ilimbidi aitafute kwa wauzaji wa mitumba, na katika biashara ya mitumba mtunzi hapati hata senti moja, hata nakala ikiuzwa kwa bei ya baiskeli. Kwa hiyo toleo jipya linalotoka mikononi mwa mtunzi humrudisha yeye kwenye meza ya malipo na, lililo kubwa zaidi, humpa yeye neno la mwisho kuhusu namna kazi inavyopaswa kusikika.

Mji wetu ulikuwa na Tabora Jazz, ulikuwa na Nyanyembe Jazz, na mtindo wa segere matata ulitoka hapa ukachezwa nchi nzima. Rekodi za enzi ile zilifanywa kwa sehemu kubwa katika studio za redio ya taifa Dar es Salaam, na santuri zetu ziligandamizwa Nairobi, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya kufungwa hadi mwaka 1983, njia ya kwenda kwenye kiwanda ikakatika. Kwa hali hiyo wanamuziki wetu hawakuwa na mikanda yao ya awali, hawakuwa na vyuma, na wengi hawakuwa na hata karatasi ya makubaliano. Yule mzee wa besi aliniambia kwamba walisafiri na bendi yake kwa treni wakaenda kurekodi nyimbo nne kwa kampuni moja, wakalipwa mara moja kwa fedha taslimu mkononi, na tangu siku ile hajawahi kuuona mkanda huo wala kujua uko kwa nani. Wimbo mmoja kati ya hiyo minne aliusikia miaka michache iliyopita kwenye simu ya mjukuu wake, ukiwa umewekwa na mtu asiyemjua, sauti ikiwa imetolewa kwenye santuri iliyochakaa, na kasi ikiwa si sahihi. Alinihakikishia kuwa ulikuwa umepanda karibu nusu toni. Aliniuliza ni nani anaweza kumwomba arekebishe. Sikuwa na jibu.

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufariki. Lakini sheria humlinda mtu anayeweza kuonyesha kazi yake, na kazi iliyorekodiwa huonyeshwa kwa mkanda. Tena mkanda wenyewe haukai milele. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, mkanda unakuwa na utelezi na kunata, na ukiupitisha kwenye mashine hivyo hivyo unaacha unga wote kwenye kichwa cha kusomea na muziki unakwenda nao. Nimepokea mikanda ya namna hiyo mara tatu dukani kwangu. Miwili niliweza kuiokoa kwa kuikausha taratibu kwa joto dogo kwa saa nyingi kabla ya kuipiga mara moja tu na kunakili. Wa tatu ulikuwa umekaa darini chini ya bati kwa zaidi ya miaka 20, na haukutoa kitu zaidi ya mvumo.

Kutokana na hayo nina maombi mawili kwa meza yako ya burudani. La kwanza ni kwamba kila mnapoandika habari ya kazi ya zamani iliyotolewa upya, iwe ya Detroit, ya Kinshasa au ya Morogoro, mumwambie msomaji nani ameitoa, ametumia rekodi ipi, na kama mwanamuziki au familia yake imehusika, kwa maana hayo ndiyo yanayotenganisha toleo la haki na biashara ya mgongoni. La pili ni kwamba mwandishi wenu wa muziki apewe muda wa kuisikiliza kazi ya zamani na mpya ya mkongwe mmoja pamoja, kama nilivyobahatika mimi, kabla ya kuandika kwamba mtu amekwisha au bado yupo.

Upande wangu, ninayo mashine ya mkanda mpana inayofanya kazi, niliyoijenga kutoka mashine mbili mbovu, na vichwa vyake nilivibadilisha mwaka jana. Kama kuna familia ya mwanamuziki wa Tabora, Urambo, Nzega au hata Kigoma yenye mkanda ndani ya kabati, iulete bila kuujaribu kwanza kwenye mashine nyingine. Sitatoza fedha kwa kunakili, na mkanda utaondoka na mwenyewe siku hiyo hiyo. Naomba tu, Ndugu Mhariri, ikiwezekana barua hii itoke kabla ya mvua za Novemba kuanza, kwa sababu unyevu ukishaingia kwenye mikanda kazi ya kuikausha huwa ndefu zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi redio,
Ng'ambo, Tabora.